Filta ya klipu ya ND2-400 kwenye simu: Karura, Thika Road na jua la saa sita

Filta ninayoieleza hapa ni ya ND, yaani kioo cha giza cha kupunguza mwanga unaoingia kwenye kamera, ile nyeusi ya kuzungushwa. Imeandikwa ND2-400 ukingoni, kipenyo chake ni milimita 52, na inauzwa pamoja na klipu ya plastiki ya kuibana kwenye simu. Haina jina la kampuni, si kwenye kioo wala kwenye boksi. Niliinunua kwenye kibanda cha vifaa vya simu ndani ya jengo moja la maduka madogo madogo pale Moi Avenue, kwa shilingi 1,800. Mwenye kibanda alianzia 2,500.

Mimi nauza picha za Nairobi zilizochapishwa. Kuna kadi za mkononi, kuna za A4, na kuna za A3 kwa wale wanaotaka kutundika sebuleni. Zote nazipiga kwa simu, Samsung ya bei ya kati yenye lenzi kuu ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), na modi yake ya Pro inaniruhusu kushusha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 50 na kuacha shata, mlango wa mwanga, wazi sekunde kadhaa. Usiku simu hiyo hainipi shida: magari ya Uhuru Highway yanageuka nyuzi nyekundu na nyeupe bila kifaa chochote zaidi ya stendi. Nilichokuwa nakitamani ni kufanya hivyo mchana. Nilitaka maji ya msitu wa Karura yatiririke kwenye karatasi, umati wa Moi Avenue ugeuke mkondo huku majengo yakibaki wima, na nyuma ya hayo yote ziwepo rangi za mchana, majani mabichi na anga, ambazo usiku hauna.

Ugumu wa mchana uko kwenye tundu la lenzi. Kamera kubwa hukuruhusu kulibana mpaka f/16 au f/22 ili mwanga upungue. Simu nyingi haziwezi: tundu ni lile lile moja zilizotoka nalo kiwandani, na kwa kuwa simu inatakiwa kuona hata gizani, tundu hilo ni kubwa. Wapiga picha waliofundishwa kwa filamu wanaijua kanuni ya jua kali: anga ikiwa safi na ukaweka f/16, muda wa shata ni moja juu ya ISO. Kwa ISO 50 hiyo ni sekunde 1/50. Sasa toka f/16 uje f/1.8. Mwanga unaongezeka karibu mara 80, na shata inalazimika kufungwa kwa sekunde 1/4000. Ndivyo simu yangu inavyosoma nikiielekeza kwenye ukuta unaopigwa na jua saa saba mchana. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Machi na Septemba jua linapita juu ya utosi kabisa. Mwanga wetu ni mwingi kweli kweli.

Ili utoke sekunde 1/4000 ufike sekunde moja nzima, unahitaji kupunguza mwanga mara 4,000. Namba za filta za ND zinasema hilo hilo: ND8 inapitisha sehemu moja kati ya 8, ND64 moja kati ya 64, ND1000 moja kati ya 1,000. Kwa hiyo hata ukiivalisha simu ND1000, jua la saa sita litakupa robo sekunde tu. Hii yangu, ikizungushwa mpaka mwisho wake wa 400, inatoa sekunde 1/10. Hesabu hii wauzaji hawaisemi. Mtu ataona maporomoko ya kupendeza Instagram, atanunua filta, ataenda nayo Uhuru Park saa sita, kisha atarudi akiamini ameuziwa kioo cha bandia. Kioo kinaweza kuwa kizima, ila jua limekizidi nguvu.

Kijana aliyeniuzia, namsifu kwa hili, aliniacha niijaribu kabla sijalipa.

“Madam, hii ni ND400. Jua halitakusumbua.”

“Twende nayo mlangoni kwanza, ndugu yangu, tuione.”

Tukasimama mlangoni, nikaelekeza simu kwenye ukuta mweupe wa jengo la ng'ambo na kuizungusha filta polepole. Fanya hivyo hivyo popote utakaponunua, kwa sababu ubovu wa filta hizi unajitokeza ndani ya dakika moja. Ukuta unatakiwa uingie giza sawasawa, katikati na pembeni. Ya kwanza aliyonipa ilikuwa na doa la manjano upande mmoja hata kwenye alama ya chini kabisa. Ya pili ilikwenda vizuri mpaka kama theluthi mbili ya mzunguko, ndipo giza likaanza kukosa usawa. Nikachukua hiyo ya pili.

“Bei yako ya mwisho?”

“Nipe elfu mbili, madam.”

“Elfu moja mia nane, na M-Pesa natuma sasa hivi.”

Akanisomea namba ya till.

Kwamba ilifika theluthi mbili tu si ajabu, ndivyo filta za kuzungushwa zilivyo. Ndani yake mna vioo viwili vya polaroidi, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kinapitisha mwanga unaotetema kwa uelekeo mmoja tu. Vikielekea pamoja mwanga unapita. Ukigeuza kimoja unapungua hatua kwa hatua. Vikikingamana kabisa unazibwa. Lakini miale inayoingia kwa pembe haizibwi sawa na ile inayoingia moja kwa moja. Ndiyo maana ukikaribia mwisho wa mzunguko picha inaota msalaba mweusi, X kubwa kutoka kona hadi kona, na kadiri lenzi inavyoona eneo pana ndivyo msalaba unavyokolea. Lenzi kuu ya simu ni pana, nyingi zinalingana na milimita 24 hadi 26 za kamera kubwa. Nimelinganisha muda wa shata bila filta na pamoja na filta, na kwangu mahali pa mwisho penye picha safi ni karibu na mara 100. Kwa hiyo boksi linasema 400, lakini mimi nina filta ya 100. Kwenye ile lenzi pana zaidi, ya 0.5x, hata 100 haifiki.

Sasa, mara 100 inatosha wapi? Kivulini inatosha vizuri sana.

Pale kwenye maporomoko ya Karura miti imefunika bonde. Ukishuka kutoka njia kuu mwanga unabadilika kabla hujayasikia maji. Kwa ISO 50 simu yangu husoma pale kama sekunde 1/125 asubuhi ya saa tatu au nne. Zidisha mara 100 unapata sekunde 0.8, na huo ndio muda maji yanapopendeza. Nimejaribu mifupi na mirefu. Kwenye sekunde 1/10 maji yanaonekana kama picha iliyotikisika. Kwenye nusu sekunde nyuzi zinajitokeza, unaona uzi huu umetoka kwenye jiwe lipi na umeangukia wapi. Sekunde tatu, ambazo nazipata siku ya mawingu mazito, maji yanageuka pazia jeupe lisilo na umbo, na wateja wangu huipita picha hiyo bila kusimama. Baada ya mvua za Mei maji yale huwa ya kahawia. Wengine husubiri yatakate. Mimi naona yakiwa ya kahawia ndipo yanapofaa zaidi kwa picha za namna hii, kwa sababu povu jeupe linachora mistari juu ya rangi ya udongo, na mistari hiyo ndiyo inayoonyesha mwendo.

Kuna zawadi nyingine ambayo boksi halikuitaja. Kwa kuwa kioo cha mbele ni cha polaroidi, kinaondoa mng'ao juu ya mawe yaliyolowa na majani, na rangi ya chini inatokea: kijani cha kuvu, weusi wa mwamba. Kiasi cha mng'ao kinachoondoka kinategemea kioo cha mbele kimeelekea wapi, na ukikizungusha unabadilisha giza pia. Dawa yake ni kuweka giza unalolitaka kwanza, halafu uilegeze filta nzima kidogo kwenye nyuzi za klipu na kuigeuza yote pamoja. Giza halibadiliki, mng'ao unabadilika. Anga ya buluu ni jambo jingine: kwa lenzi pana, polaroidi huikoleza upande mmoja na kuiacha imepauka upande wa pili, nami sijapata namna ya kulizuia hilo zaidi ya kuikata anga nje ya picha. Karura hilo si tatizo, anga yenyewe huioni.

Napenda watu wajue picha ile ilitoka wapi. Nyuma ya kila kadi ya maporomoko naandika kwamba huu ni msitu ambao Wangari Maathai na wenzake waliutetea mwaka wa 1999 wakapigwa kwa ajili yake. Mnunuzi mmoja alisoma maneno hayo amesimama, akachukua kadi za familia nzima.

Rangi ya filta yenyewe ni kasoro. Picha zote zinatoka na umanjano unaoelekea kijani, na simu ikiachwa ijiamulie inabadilisha rangi kati ya picha moja na nyingine. Nenda kwenye modi ya Pro, funga mizani ya nyeupe kwa namba moja, mimi hutumia 5500, kisha piga karatasi nyeupe mara moja kupitia filta mahali pale pale. Nyumbani, karatasi hiyo ndiyo inayokuonyesha urekebishe kiasi gani. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, marekebisho hayaharibu kitu. Ukipiga JPEG, ngozi na matofali yatakupa tabu.

Klipu ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Springi yake ina nguvu, na taya la mbele linakaa juu ya skrini yenyewe, kwa hiyo mara kwa mara simu hudhani imeguswa na kidole. Inaweza kubadilisha modi au kufungua picha ya mwisho ukiwa umejiandaa kabisa. Kipande cha kadibodi chini ya taya kinapunguza hilo. Kava ya simu lazima uivue. Halafu kuna nafasi kati ya kioo cha filta na lenzi, kama milimita tatu kwenye simu yangu, kwa kuwa lenzi zimesimama juu ya mgongo wa simu. Jua likiwa nyuma yako linaingia kwenye nafasi hiyo, linagonga mgongo wa filta, na picha inapata ukungu wa kijivu katikati. Zungushia kitambaa cheusi, hata kitambaa cha kichwa kinatosha, na ukungu unaondoka papo hapo.

Jambo jingine la kuangalia ni kuhamahama kwa lenzi. Simu yenye lenzi nyingi, ikiona giza, huacha ile ya kukuza na kurudi kwenye lenzi kuu bila kukwambia, inakata tu sehemu ya katikati. Ukifunika lenzi ya kukuza kwa filta, simu itakuonyesha picha nzuri angavu uliyodhani imepita kwenye filta, kumbe imetoka lenzi ya jirani. Chagua lenzi kwa mkono ndani ya modi ya Pro, kisha weka kidole mbele ya filta uone kama skrini inazibika.

Kwa upande wa kulenga, filta ya kuzungushwa inaishinda ile ya giza moja. Unaiacha kwenye alama ya 2, simu inaona vizuri, unalenga na kufunga fokasi, kisha ndipo unazungusha kuingia gizani. Na usiguse kitufe cha kupigia. Weka kipima muda cha sekunde 3, au chomeka earphone za waya na ubonyeze sauti. Kwenye simu nyingi kitufe hicho hupiga picha.

Hata hivyo kuna watu ambao ningewaambia wasinunue filta hii kabisa. Mdogo wangu ana iPhone. Anapiga Live Photo, ambayo hunasa sekunde moja na nusu kabla na sekunde moja na nusu baada ya kubonyeza, kisha ndani ya Photos anachagua athari ya muda mrefu, ambayo imekuwapo tangu iOS 11 ya mwaka wa 2017. Hana stendi, hana filta. Baadaye aliweka Spectre, programu iliyotoka 2019, inayokupa sekunde 3, 5 au 9 ukiwa umeshika simu mkononi. Wenye simu za Google kuanzia Pixel 6 ya 2021 wana modi ya namna hiyo ndani ya kamera. Zote zinafuata njia moja: simu inapiga picha nyingi fupi mfululizo, inazilinganisha ili vitu vilivyotulia vikae mahali pamoja, kisha inatoa wastani wake. Jua haliwezi kuichoma picha, kwa sababu kila moja ilipigwa kwa muda mfupi. Na wastani unasafisha chenga, zile chembechembe zinazochafua picha: ukipiga wastani wa picha 16, chenga zinapungua mpaka robo. Kwa mtu wa kuweka picha WhatsApp, hiyo inatosha na kubaki.

Lakini mpeleke mdogo wangu juu ya daraja la watembea kwa miguu pale Roysambu, jua likiwa limewaka, apige magari ya Thika Road. Maji huficha mapengo kwa kuwa hayana umbo. Matatu ina umbo. Kila picha fupi imenasa gari likiwa limesimama kabisa, kisha kuna pengo, kisha limenaswa tena mita moja mbele. Matokeo yake ni gari moja lililopigwa mhuri mara nyingi barabarani, madirisha juu ya madirisha, na hakuna mkondo wowote.

Hapa ndipo filta ya shilingi 1,800 imenipa thamani ambayo sikuitarajia. Peke yake hailiwezi jua la saa sita: 1/4000 mara 100 ni sekunde 1/40 tu. Lakini video ya fremu 30 kwa sekunde inahitaji fremu mpya kila sekunde 1/30. Kama kila fremu imeachwa wazi sekunde 1/40, shata inakuwa wazi robo tatu ya muda wote. Mapengo yanakaribia kuisha. Kwa hiyo naiweka simu kwenye stendi, filta kwenye mara 100, nafunga mwanga na fokasi, narekodi video ya 4K. Nyumbani natoa fremu za sekunde nne, yaani fremu 120, na kuziweka kwenye ImageMagick, programu ya bure ya kompyuta ambayo inapiga wastani wa faili zote kwa mstari mmoja wa amri. Kinachotoka ni sekunde nne za kweli za Thika Road saa sita mchana. Mabasi yanakuwa utepe, mistari ya njano ya matatu inaenda sambamba na lami mpaka inapinda, na mabango, nguzo na mtu aliyesimama stejini akisubiri vinabaki vimekatika vizuri kwa makali yake. Nilipoiona mara ya kwanza kwenye skrini kubwa niliita watu wa nyumbani waje waone.

Nimefanya pia bila filta, dakika ile ile na kutoka mahali pale pale, ili nijue kama ni filta kweli au ni programu tu. Bila filta magari yale yale yametoka mihuri mihuri. Ni filta.

Daraja lenyewe linataka subira. Linatikisika kundi la watu likipita, na lori likipita chini pia unalisikia nyayoni. Katikati ya daraja ndipo linapocheza zaidi, kwa hiyo simama karibu na nguzo, funga stendi miguu mifupi, na ungoje pengo kati ya kundi na kundi. Asubuhi ya siku za kazi pengo halipo. Jumapili lipo. Simu yangu huwa na kamba iliyofungwa mkononi, na huenda na mtu wa kusimama nyuma yangu, maana ukiinamia skrini yenye giza huoni kinachoendelea pembeni.

Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya iliyozinduliwa mwaka wa 2011, njia hiyo hiyo inafanya jambo ninalolipenda sana. Mboya ametulia, njiwa wametulia kiasi, na watu wote wanaopita wanayeyuka. Ukitoa wastani wa sekunde nne wanakuwa moshi wenye rangi za nguo. Ukitoa wa sekunde thelathini wanakaribia kupotea, wanabaki wale walioketi. Na hakuna uso unaotambulika. Mjini kila mtu ana haki ya kuuliza kwa nini unampiga picha, na nimeulizwa. Siku hizi namwonyesha skrini, anajitafuta, hajioni, tunaagana vizuri. Ukisimamisha stendi mbele ya jengo, askari wa mlangoni atakuja. Msalimie kwanza, muombe, umweleze unachopiga. Wengi wameniruhusu.

Mawingu hayahitaji filta. Julai, Nairobi inapokuwa ya kijivu kutwa, mwanga unakuwa mdogo lakini mawingu yanahitaji dakika, na mara 100 haikupi dakika. Naipanga simu ipige picha moja kila sekunde 2 kwa dakika tano, naielekeza juu ya mnara wa KICC, kisha natoa wastani. Mawingu yanakwenda taratibu, mapengo ya sekunde mbili hayaonekani. Mnara ule wa 1973 unasimama ndani ya mistari mirefu ya anga, na filta iko mfukoni wakati wote huo.

Kwa anayechapisha kuna tofauti moja kubwa ambayo skrini ya simu haitakuonyesha. Picha moja iliyopigwa kupitia filta ni picha nzima ya sensa, kwangu pikseli 4000 kwa 3000. Ukiikata ifuate umbo la A3 unachapisha kwa pikseli kama 240 kwa inchi, na hiyo ukutani ni safi. Video ya 4K ina urefu wa pikseli 3840 lakini kimo chake ni 2160 tu. Ukiikata kwa umbo la A3 unabakiwa na kama 185 kwa inchi, na mtu akisogea karibu ataona ulaini kwenye maandishi ya mabango. Kwa A4 inafika 260, hapo haina shida. Kwa hiyo maporomoko ya Karura nayauza mpaka A3, Thika Road naishia A4, na anayeitaka Thika Road kubwa namwambia sababu.

Kuhusu uimara, nyuzi za filta bado zinazunguka laini, na kioo hakijakwaruzika ingawa huwa nakifuta matone ya maporomoko kwa shati. Mpira wa taya la klipu umeanza kubanduka, nikaurudisha kwa gundi.

Nimerudi kibandani kumuuliza yule kijana kama anaweza kuniletea ND64 ya kawaida, isiyozungushwa, ya milimita 52. Kioo kimoja kisicho cha polaroidi hakina msalaba, na 1/125 mara 64 ni nusu sekunde kamili, ule muda wa nyuzi za maji. Juani, 1/4000 mara 64 ni sekunde 1/60, ambayo kwa video inaacha shata wazi nusu ya muda, si mbaya. Nitapoteza raha ya kulenga kwenye alama ya 2, itabidi nilenge kwanza ndipo niikaze, na mng'ao wa mawe utarudi. Akanijibu, “Ikifika nitakupigia, madam.” Klipu ninayo tayari, kwa hiyo nimemwambia nitalipia kioo peke yake, na tumekubaliana elfu moja.